Ndoo, bomba na peni: kwa nini mji mdogo wa Uingereza ulichelewa kuwa safi

Ukisoma historia ya usafi wa Uingereza juujuu, utadhani mambo yalimalizika mapema: London ikajengewa mifereji mikubwa ya majitaka miaka ya 1860, Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Umma mwaka 1875, basi, yakaisha. Lakini miaka ya 1920, na hata 1930, katika miji midogo ya watu elfu tatu, nne au sita, gari la farasi lilikuwa bado linapita usiku likikusanya ndoo za vyoo. Sheria ilikuwa na nusu karne na ndoo zilikuwa palepale.

Jibu linalotolewa haraka ni pesa, na lina ukweli ndani yake. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: choo cha kuvuta maji hakiji peke yake. Kinataka maji ya bomba yenye msukumo, bomba la uani lililolazwa sawasawa, mfereji wa mtaa, mtambo wa kusafisha majitaka, na mto wenye maji ya kutosha kupokea kinachotoka mtamboni. Ukiruka hatua moja tu, hukusafisha mji. Umeuhamisha uchafu kutoka uani kwako ukaupeleka kwenye kisima cha mwenzako.

Nani alikuwa na mamlaka

Mji wa kiasi hiki uliongozwa na baraza la wilaya ya mji, chombo kilichoundwa na sheria ya 1894. Juu yake lilikuwepo baraza la kaunti, na juu kabisa Wizara ya Afya, iliyoanzishwa 1919. Baraza lilitakiwa kuwa na watu wawili wa afya: daktari wa afya wa mji, na ofisa ambaye sisi tungemwita bwana afya.

Daktari alikuwa wa muda. Ni tabibu wa palepale mjini, ana wagonjwa wake wa kulipa, na baraza linampa posho ya mwaka kwa kazi ya umma. Diploma ya afya ya umma ilikuwa sharti kwa wilaya zenye watu 50,000 na zaidi tu. Hapo ndipo penye utata: diwani anayepigia kura posho ya daktari ndiye huyohuyo mgonjwa wake, na si ajabu akawa pia mmiliki wa nyumba za kupangisha ambazo daktari anatakiwa kuziandikia ripoti mbaya. Soma ripoti za mwaka za madaktari hawa, utaona lugha laini sana. “Hali ya vyoo inaendelea kuboreka” mara nyingi maana yake ni kwamba vyoo viwili vitatu vimebadilishwa.

Bwana afya ndiye aliyefanya kazi yenyewe, na mara nyingi alikuwa pia mpima wa baraza na msimamizi wa maji, barabara na taka. Kabla ya 1921 baraza lililoudhika liliweza kumwondoa kirahisi. Sheria ya mwaka huo ikampa kinga: kwa kawaida hakufukuzwa bila idhini ya Wizara. Ukiniuliza, kinga hiyo ilisafisha nyua nyingi kuliko hotuba zote za mawaziri.

Silaha yake kuu ilikuwa utaratibu wa kero. Choo kilichofurika, bomba linalovuja, zizi la nguruwe chini ya dirisha, kisima kichafu: vyote hivyo ni kero kisheria. Anafika, anaona, anamwambia mwenye nyumba kwa mdomo au kwa barua. Asiposikia, baraza linatoa ilani rasmi yenye muda maalumu. Muda ukipita, mwenye nyumba anapelekwa mbele ya mahakimu, na faini inahesabiwa kwa kila siku anayozidi kukaidi. Msomaji wa Kenya atautambua mpangilio huu, maana Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya ya 1921 ina sehemu nzima ya kero iliyofuata mkondo huohuo.

Hesabu ya peni

Fedha za baraza zilitokana na kodi ya majengo. Kila jengo lilikadiriwa thamani ya pango lake kwa mwaka, na baraza likatoza peni kadhaa kwa kila pauni ya thamani hiyo. Chukua mfano wa mji ambao jumla ya thamani ni pauni 24,000. Pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo kodi ya peni moja inaleta peni 24,000, yaani pauni 100. Sasa mji huo unahitaji mtambo wa majitaka na mifereji yake kwa pauni 15,000. Wakikopa kwa riba ya asilimia 5 na kulipa kwa miaka 30, kila mwaka watalipa karibu pauni 976. Hiyo ni kodi ya karibu peni 10 zaidi kwa kila pauni, kwa mkulima, kwa muuza duka na kwa mjane, kwa muda wa kizazi kizima. Ndiyo maana katika uchaguzi wa baraza, kundi la kupinga ongezeko la kodi halikukosekana.

Na mkopo haukutolewa hivihivi. Wizara ilituma mhandisi wake, akaendesha uchunguzi wa hadhara katika ukumbi wa mji, yeyote akaruhusiwa kupinga. Mwaka 1929 mambo yakabadilika tena: mashamba yakasamehewa kodi kabisa na viwanda vikalipa robo tu. Serikali kuu ilifidia kwa ruzuku, lakini kwa mji mdogo unaozungukwa na mashamba, msingi wa kodi yake wenyewe ulipungua.

Choo chenyewe

Aina zilikuwa kadhaa, na ubaya wake haukulingana. Kibaya kuliko vyote kilikuwa choo cha shimo la matofali uani, ambamo kinyesi na majivu ya makaa ya mawe vilichanganywa na kuachwa miezi mpaka shimo lizolewe kwa koleo. Matofali yanafyonza, sakafu inavuja, inzi wanazaliana. Wakati wa joto inzi hao waliingia jikoni, na kuhara kwa watoto wachanga kukapanda.

Choo cha ndoo kilikuwa hatua mbele. Chini ya kiti cha mbao kuna ndoo ya bati la zinki, inayotolewa kupitia kijimlango cha nyuma mara moja kwa wiki. Ubora wake wote unategemea siku ya gari la usiku. Likichelewa kwa theluji au farasi kuugua, ndoo inafurika. Na wabebaji wakiimwaga ndoo bila kuisafisha na kuipaka dawa, wanarudisha mbegu za ugonjwa palepale.

Kipo pia choo cha udongo, kilichopewa hataza mwaka 1860 na kasisi Henry Moule wa Fordington, Dorset. Baada ya kila haja, kisanduku cha nyuma kinaangusha udongo mkavu uliochekechwa, kama gramu 700. Udongo wenye mfinyanzi na mboji kidogo unafanya kazi vizuri, unaua harufu na kuanza kuozesha. Mchanga mtupu haufai, na majivu ya makaa, ambayo watu waliyatumia kwa sababu yapo bure, ni duni. Kinachokiharibu ni maji: mtu akimimina humo beseni la maji ya kuoshea vyombo, mchanganyiko unageuka uji na harufu inarudi yote. Kwa nyumba ya shambani yenye bustani, choo hiki kilikuwa bora kuliko choo cha maji kisicho na mfereji. Wapima wengi hawakupenda kukiri hivyo.

Kisha choo cha maji. Tangi lilivuta galoni 2, yaani lita 9 hivi, sehemu nyingi za nchi. Chini ya bakuli bomba limepinda na kubakiza maji ya kina cha inchi 2 hivi, ambayo yanazuia hewa ya mferejini isirudi ndani. Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 ikaja na jambo la maana: pale ambapo mfereji na maji vipo, baraza laweza kulazimisha choo cha udongo au ndoo kibadilishwe, na nusu ya gharama inabebwa na baraza lenyewe. Mwenye nyumba aliyegoma kulipa gharama yote alianza kusikiliza alipoambiwa alipe nusu.

Bomba la uani, mahali kazi inapoharibikia

Bomba la kawaida lilikuwa la udongo wa kuchomwa lenye ngozi ya kung’aa ya chumvi, kipenyo inchi 4, urefu futi 2, na mdomo mpana upande mmoja. Mteremko wake ni 1 kwa 40: katika mita 20, linashuka nusu mita. La inchi 6 linalazwa 1 kwa 60. Fundi anaanza chini, kwenye mfereji wa mtaa, anapanda kuelekea nyumba, midomo mipana ikitazama juu. Chini ya kila mdomo anachimba kishimo, ili tumbo la bomba ndilo likae ardhini. Fundi mvivu hakichimbi. Bomba linakaa juu ya midomo miwili kama daraja, udongo unarudishwa, gari zito linapita, bomba linapasuka katikati.

Kiungo kinatengenezwa hivi: kamba ya katani iliyopakwa lami inazungushwa na kushindiliwa ndani ya mdomo, kisha saruji na mchanga vinajaza nafasi iliyobaki na kusawazishwa kwa mshazari. Kazi ya kamba ni kulishika bomba katikati na kuzuia saruji isipenye ndani. Ikipenya inaganda kama jino, na karatasi ya kwanza itakayonasa hapo ni mwanzo wa kuziba. Kwa hiyo kila kiungo kikimalizika, fundi anavuta ndani ya bomba kifaa chenye ukingo wa mpira au kitambaa kilichofungwa kwenye mti, kukwangua kilichojitokeza. Hata kazi nzuri ilikuwa na udhaifu wake: saruji ni ngumu, ardhi ya mfinyanzi inavimba masika na kusinyaa kiangazi, viungo vinapata ufa, mizizi ya miti inaingia.

Kabla ya kufukia, bwana afya anapima kwa maji. Anaziba ncha ya chini, anajaza, anasubiri bomba na viungo vinywe kiasi chake, anaongeza, kisha anatazama kama maji yanashuka ndani ya nusu saa. Mabomba ya zamani yasingestahimili jaribio hilo, kwa hiyo hupimwa kwa moshi: mashine inasukuma moshi ndani na wapimaji wanazunguka nyumba wakitafuta unatokea wapi. Kulikuwa na njia ya mafuta ya peremende pia, ambayo hayo mafuta yalimiminwa pamoja na ndoo ya maji moto kupitia juu ya bomba la hewa. Mmiminaji hakuruhusiwa kuingia nyumbani mpaka jaribio liishe, maana nguo zake tayari zinanuka na wenzake ndani wangedhani wamepata tundu.

Kifaa kilicholeta balaa kuliko vyote kiliwekwa kwa nia njema. Mpakani mwa kiwanja, ndani ya chemba ya mwisho, waliweka bomba lililopinda lenye maji ili “hewa mbaya” ya mfereji isiingie nyumbani. Hofu hiyo ilirithiwa kutoka zama za kuamini kwamba harufu ndiyo inayoleta ugonjwa. Juu ya pindo kulikuwa na tundu la kuingizia fimbo za kuzibulia, limezibwa kwa kizibo. Mfereji ukijaa mvua, msukumo unakifyatua kizibo, nacho kinaanguka ndani ya pindo na kuliziba. Majitaka yanapanda chemba mpaka usawa wa lile tundu lililo wazi, halafu yanaanza kupita hapo. Mwenye nyumba haoni kitu, choo kinavuta kama kawaida, na ndani ya chemba ile ya mpakani kuna dimbwi la kinyesi linaloiva kwa miezi.

Mwisho wa mfereji

Tuseme watu 5,000, kila mmoja akitumia galoni 30 kwa siku. Hizo ni galoni 150,000, karibu mita za ujazo 680. Kanuni ya wakati huo: mtambo uweze kusafisha kikamilifu mara tatu ya kiasi cha siku kavu, na ziada hadi mara sita iingie kwenye matangi ya dhoruba, kwa sababu katika miji mingi maji ya mvua na majitaka yalitumia mfereji mmoja. Kinachozidi hapo kilikwenda mtoni moja kwa moja.

Mtamboni majitaka yanapita kwanza kwenye chujio la vyuma na shimo la mchanga, kisha matangi ya kutuamisha. Maji yanayotoka hapo yanarushwa na mikono inayozunguka juu ya vitanda vya klinka, makaa yaliyoungua na kugandamana, kina cha futi 6 hivi. Hakuna kuchuja hapa. Ni utando wa vijidudu kwenye kila kokoto unaokula uchafu maji yakipita. Kwa kipimo kilichotumika sana, galoni 100 kwa kila yadi ya ujazo kwa siku, mji wetu unahitaji yadi 1,500: vitanda viwili vya duara, kila kimoja kipenyo cha mita 20 hivi. Lengo liliwekwa na Tume ya Kifalme ya Majitaka mwaka 1912: chembe zisizidi sehemu 30 kwa milioni, na mahitaji ya oksijeni kwa siku tano (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuula uchafu uliobaki majini) yasizidi sehemu 20, mradi mto una angalau mara nane ya maji hayo.

Vitanda hivyo vilivumilia kinyesi, visivumilie kiwanda cha maziwa. Maji ya jibini na ya kuoshea madebe yana uchafu mkali mno. Utando unanenepa, unaziba, madimbwi yanatuama juu ya klinka. Mji mdogo wa ufugaji ukipata kiwanda kimoja, mtambo mpya wa pauni elfu kadhaa unaweza kuzimia. Mpaka sheria ya 1937 ya maji ya viwandani, baraza halikuwa na njia ya wazi ya kupangia kiwanda masharti.

Tope la matangini lilikuwa tatizo lisilokwisha. Lilimwagwa kwenye vitanda vya majivu likauke, na katika majira ya baridi ya Uingereza halikauki.

Maji ya kunywa

Malton, mji mdogo wa Yorkshire kando ya mto Derwent, ndio somo kubwa la kipindi hiki. Mwaka 1932 maji ya mji yalichafuliwa na majitaka yaliyovuja. Zaidi ya watu 200 waliugua homa ya matumbo na zaidi ya 20 wakafa, katika mji wenye watu elfu chache tu. Nchi hiyo ni ya mwamba wa chokaa, na chokaa ina nyufa. Mchanga huchuja maji yanapopenya polepole, lakini ufa wa chokaa ni bomba: kinachoingia juu kinafika kisimani baada ya muda mfupi, kikiwa hakijachujwa. Maji yanaonekana maangavu, yana ladha nzuri, na wazee wanayasifu. Mfereji wa majitaka uliopita karibu na chanzo cha namna hiyo ulipaswa kupimwa kwa ukali kuliko mwingine wowote mjini.

Dawa ilikuwa inajulikana: klorini. Mwaka 1905, homa ya matumbo ilipoua watu Lincoln, mtaalamu wa bakteria Alexander Houston alitia hipokloraiti, kemikali yenye klorini, kwenye maji ya mji. Hesabu yake si ngumu: kwa mita za ujazo 700 na kipimo cha miligramu 0.5 kwa lita, unahitaji gramu 350 za klorini kwa siku. Unga wa klorini una theluthi moja ya klorini, kwa hiyo kilo moja na kidogo inatosha, mradi maji yakae nusu saa kabla ya kutumiwa. Kilo moja kwa siku kwa mji mzima! Kinachokwenda kombo ni pipa lililoachwa wazi, ambalo unga wake unapoteza nguvu huku mwendeshaji akipima uzito uleule. Mabaraza mengi yalisita kwa sababu ya malalamiko ya ladha, au yaliamini kisima kirefu hakihitaji dawa.

Mwaka 1937 Croydon, ambao ni mji mkubwa, ukaonyesha gharama ya imani hiyo. Mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya kisima cha Addington, mmoja wao akibeba vijidudu bila kuugua, na wakati huohuo maji yakapelekwa majumbani bila klorini. Watu 43 walikufa. Baada ya hapo kutia klorini wakati wote ndiko kukawa kawaida, na wafanyakazi wa maji wakaanza kupimwa.

Ugonjwa ukishaingia

Hodi ya homa au ya dondakoo ilipopigwa, daktari aliandika taarifa, mgonjwa akapelekwa hospitali ya kutenga, ambayo wilaya kadhaa ziliichangia pamoja. Kisha bwana afya alikuja na salfa: anaziba madirisha kwa karatasi na gundi, anawasha, anafunga chumba. Familia iliridhika kuona jambo limefanyika. Faida yake ilikuwa ndogo, kwani dondakoo huenezwa na watu zaidi kuliko kuta, na kuchemsha shuka kulisaidia zaidi. Chanjo ya dondakoo ilikuwepo, nayo miji kadhaa iliitumia, lakini kampeni ya nchi nzima ilingoja vita, miaka ya 1940 na 1941. Kabla ya hapo ugonjwa huo uliua watu wapatao 3,000 kwa mwaka, wengi wao watoto. Hata hivyo vifo vya watoto wachanga nchini vilishuka, kutoka 83 kwa kila 1,000 mwaka 1921 hadi 60 mwaka 1930 na 51 mwaka 1939. Wakunga, kliniki za watoto zilizoruhusiwa na sheria ya 1918, familia ndogo na farasi wachache barabarani vyote vilichangia. Mabomba peke yake yasijisifu.

Maziwa yaliachwa nyuma. Miaka ya 1930 takriban asilimia 40 ya ng’ombe walionyesha dalili za kifua kikuu walipopimwa. Agizo la 1923 liliweka madaraja ya maziwa, likiwemo la yaliyopashwa moto nyuzi 63 hadi 66 za Selsiasi kwa dakika 30. Lakini daraja lilikuwa la hiari: muuzaji alijiunga akitaka kulitangaza, asipotaka aliuza mabichi. Mwaka 1936 Bournemouth, Poole na Christchurch zikapata homa ya matumbo iliyotoka kwenye maziwa mabichi. Bwana afya aliweza kukagua zizi, kuamuru kuta zipakwe chokaa, na kuchukua sampuli. Kumlazimisha muuzaji kuyapasha moto maziwa yake, sheria haikumpa uwezo huo, na haikumpa mpaka vita vilipokwisha.